Makofi Hayalipi Deni

Kila michezo ya Paralimpiki inapopita kwenye simu zetu kuna swali hunisumbua. Tunapompigia makofi mtu aliye kwenye kiti mwendo, tumempa haki yake, au tumejipa sisi wenyewe raha ya kuonekana wema? Hapa Katonga watu huangalia klipu, hutikisa kichwa, husema "jamani, Mungu mkubwa," kisha hurudi kwenye dagaa wao. Sina ugomvi na mshangao huo. Ugomvi wangu ni kwamba mambo mara nyingi huishia hapo.

Chukua maisha ya Anne Wafula Strike, ambayo ameyasimulia mwenyewe katika kitabu chake In My Dreams I Dance cha mwaka 2010. Alizaliwa Kenya mwaka 1969. Polio ilimpata akiwa mtoto mdogo, na wanakijiji wakasema ni laana. Akasoma, akawa mwalimu, akahamia Uingereza, na mwaka 2004 akaiwakilisha Kenya katika mbio za viti mwendo kwenye Paralimpiki ya Athens. Baadaye alipata uraia wa Uingereza, akashindana kwa bendera ya huko, na kutunukiwa nishani ya MBE.

Ukifunga kitabu hapo, unalala vizuri. Lakini Desemba 2016 mama huyu alipanda treni nchini Uingereza, safari ya karibu saa tatu, na choo cha watu wenye ulemavu kilikuwa kibovu. Akajikojolea. Mwezi uliofuata akalisema hadharani, aibu na yote.

Mikono ilikuwa ile ile iliyosukuma magurudumu Athens. Ujasiri ulikuwa ule ule. Kilichokosekana ni fundi wa choo. Kijiji kilimnyima heshima. Nchi tajiri ilimpa heshima pamoja na nishani, ikamnyima mlango. Basi sifa na haki ni vitu viwili, na unaweza kupewa kimoja kwa wingi huku kingine ukikosa kabisa.

Michezo yenyewe inalijua hili kuliko sisi watazamaji. Sarina Satomi wa Japani aliumia katika ajali ya gari mwaka 2016, akaingia kwenye badmintoni, ule mpira wa vinyoya, akachukua dhahabu Tokyo mwaka 2021 na tena Paris mwaka 2024. Katika mchezo wake, mchezaji mmoja kwa mmoja akiwa kwenye kiti mwendo hutumia nusu ya uwanja. Hakuna anayeiita nusu ile sadaka. Ni kipimo cha mchezo tu, na ndani yake watu wanashindana hadi jasho linawatoka. Waliotunga sheria walijiuliza uwanja huu ni wa nani, wakaupima upya. Ngazi za ofisi nazo ni sheria ya mchezo. Kuna mtu alizipima, ila alikuwa na miguu ya aina moja kichwani mwake.

Mzee mmoja hapa mwaloni ana hoja nzito dhidi yangu. "Mwanangu," anasema, "ziwani sote ni vilema. Mtumbwi haufiki pakavu, kwa hiyo hata mwenye miguu miwili anabebwa mgongoni. Kubebwa si aibu."

Kweli, mzee wangu, si aibu. Lakini mimi nikishushwa mchangani naondoka zangu. Jirani yetu anayetumia kiti mwendo akishushwa, ndiyo kwanza maombi yanaanza: nisogezeni sokoni, nipandisheni pale, nipelekeni chooni. Watu wanamsaidia, tena kwa moyo. Tatizo ni kwamba anayeishi kwa hisani hana nafasi ya kununa. Mimi naweza kugombana na mtu asubuhi na jioni nikatembea kwa miguu yangu. Yeye akimjibu mtu vibaya leo, kesho nani atamnyanyua? Kumbe tunachomnyima si mwendo tu. Tunamnyima hata uhuru wa kukasirika, na bila huo mtu hawezi kuwa sawa na wenzake.

Utaniambia: ngazi zimejengwa na mtu, sawa, lakini mchanga wa Katonga umeletwa na ziwa. Utamdai nani? Na sisi siyo Japani.

Hoja hiyo iliniweka kimya kwa muda, mpaka nilipoangalia vichanja. Zamani dagaa walianikwa chini, wakala mchanga, na mchanga ukashusha bei. Hatukusema ni kazi ya Mungu. Tulichimbia miti, tukatandaza nyavu, tukawainua dagaa juu ya mchanga. Mchanga haukuwa kosa la mtu yeyote, ila kuuacha uharibu mali tuliona ni uzembe. Nchi yetu ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayotaka majengo ya umma yafikike na watu wote. Njia ya mbao kutoka majini hadi sokoni haihitaji utajiri wa Japani. Inahitaji watu waliokwisha kuamua nani anastahili kuinuliwa juu ya mchanga, na mpaka leo, kwa vitendo vyetu, jibu letu limekuwa dagaa.