Mfanyakazi Bora Haondoki Siku Anayoaga

Muulize mwajiri wa Kindu, awe mwenye duka la jumla pale Kasuku, mwenye zahanati binafsi au msimamizi wa shule, kwa nini mhasibu wake hodari ameacha kazi. Atakujibu kabla hujamaliza swali: ONG, yaani shirika lisilo la kiserikali, imemchukua kwa dola. Jibu hilo si la uongo. Tangu Umoja wa Mataifa na mashirika ya misaada walipofungua ofisi mjini hapa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wauguzi wameacha wodi kwenda kuhesabu maboksi ya dawa kwenye ghala za watu wengine, na walimu wameacha chaki wakawa wakusanya takwimu. Ila ni jibu linalompendeza mno mwajiri, kwa sababu linamtoa lawamani. Hakuna patroni wa Kindu awezaye kushindana na bajeti iliyopangwa Geneva, kwa hiyo hakuna cha kufanya. Mimi naona dola huja mwishoni. Mtu huanza kuondoka siku anapogundua kwamba hawezi tena kupanga mwezi ujao kwa kutegemea neno la aliyemwajiri. ONG humkuta tayari yuko njiani.

Ushahidi tunao kwenye reli yetu wenyewe. Kindu ndipo inapoishia njia inayotoka Lubumbashi kupitia Kamina, Kabalo na Kongolo, na wafanyakazi wa SNCC, kampuni ya reli ya taifa, wanajua vizuri kuliko sisi maana ya kudai mishahara ya miezi na miezi. Mtu anaweza kunigeuzia hoja hapa: kama kutolipwa kunafukuza watu, mbona wanareli walibaki? Walibaki kwa kuwa deni lenyewe liliwafunga. Anayeaga anaogopa kuliacha jasho lake la miaka mezani, bila mtu wa kulidai kwa niaba yake. Basi jina linakaa kwenye orodha huku mwenyewe akiwa shambani kwenye mpunga, au akimsaidia mkewe sokoni. Kule Katanga, kampuni ya migodi ya Gécamines ilionyesha mwisho wa hali hiyo. Mwaka 2003 ulipoanza mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharamiwa na Benki ya Dunia, watu zaidi ya 10,000 walichukua kiinua mgongo na kutoka, baada ya kukaa muda mrefu bila mshahara. Ni kweli mpango ule ulibuniwa kupunguza watu, na ulifanya hivyo. Lakini umati wa namna ile haufanyiki kwa siku moja. Wengi walikuwa wameshaondoka moyoni, wakabaki wakisubiri mlango.

Historia ya eneo hilohilo la shaba ina somo la upande wa pili. Miaka ya mwanzo ya Union Minière, kampuni ya migodi ya enzi za ukoloni, vibarua waliletwa migodini kwa mikataba mifupi, wakawa wanakufa na kutoroka kwa wingi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ikageuza mwendo: mkataba wa miaka 3, ruhusa ya kuja na mke, nyumba, hospitali, shule ya watoto. Watu wakatulia. Haikuwa huruma. Makarani walikuwa wamepiga hesabu wakaona kumtafuta, kumsafirisha na kumfundisha mtu mpya ni ghali kuliko kumtunza anayeijua kazi. Henry Ford alifikia hesabu hiyohiyo Detroit: mwaka 1913 alilazimika kuajiri watu zaidi ya 50,000 ili awe na kama 14,000 kiwandani, na Januari 1914 akatangaza dola 5 kwa siku, karibu mara mbili ya malipo ya kawaida. Lakini wale wa Katanga walisahau jambo moja. Vita vya dunia vilipopandisha bei, wafanyakazi waligoma kudai nyongeza, na tarehe 9 Desemba 1941 walipigwa risasi kwenye uwanja wa mpira wa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, wakafa makumi. Nyumba walikuwa wamepewa, ila hakukuwa na mahali pa kusema kuwa mshahara hautoshi. Nalitaja hilo kwa sababu wako waajiri, hata leo, wanaodhani kwamba aliyepewa kitanda na matibabu amenunuliwa pamoja na ulimi wake.

Pingamizi zito zaidi ni lile linalosemwa kwa sauti ya chini: kwa nini nijisumbue, wakati kila asubuhi kuna vijana kumi mlangoni wenye diploma za Chuo Kikuu cha Kindu, wanaotafuta kazi yoyote? Wapo, na mwajiri anayewatazama hao hujiona tajiri wa watu. Tatizo ni kwamba msongamano wa mlangoni hauhusiani na yule anayetoka kwa mlango wa nyuma. Mahali ambapo kazi ni adimu, anayeweza kuondoka ni yule tu anayetakiwa kwingine, yaani yule bora. Wengine hubaki kwa kukosa pa kwenda. Kwa hiyo kampuni isiyotunza watu haipungukiwi watu. Inapungukiwa wale wanaojua kwa nini jenereta inazimika ovyo, mteja gani hulipa kwa kuchelewa lakini hulipa, na daftari gani haliaminiki. Baada ya miaka kadhaa inajaa waliobaki kwa lazima, na patroni anashangaa kwa nini kazi haiendi.

Hapo ndipo ONG inapostahili kutazamwa kwa jicho lisilo na wivu. Inalipa vizuri, lakini inalipa kwa muda. Mkataba wa miezi sita, wa mwaka mmoja, mradi ukiisha gari linarudi Goma na mhasibu anarudi nyumbani kutafuta upya. Mwajiri wa hapa hana dola hizo, ila ana kitu ambacho mradi hauwezi kuahidi: miaka. Mtu mwenye watoto shuleni anaweza kuchagua mshahara mdogo unaofika kila mwezi kwa tarehe inayojulikana kuliko mkubwa unaokatika. Atauchagua ikiwa tu tarehe hiyo ni ya kweli. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inataka mshahara ulipwe kwa vipindi visivyozidi mwezi mmoja, na inamdai mwajiri matibabu ya mfanyakazi na familia yake. Mwajiri anayeyatazama masharti hayo kama kero za mkaguzi anatupa silaha pekee aliyonayo dhidi ya dola.

Kuna kinachoua tumaini la miaka hata pale mshahara unapofika, nacho ni ndugu wa patroni. Sisemi ndugu wasiajiriwe. Kindu nzima ingefunga milango. Na anayesema kwamba ndugu anaaminika na sanduku la fedha kuliko mgeni ana hoja, hasa katika mji ulioporwa mara nyingi hivi. Basi ndugu ashike sanduku. Lakini akiwekwa juu ya fundi aliyemfundisha kazi jana, fundi yule ameshaelezwa, bila barua, kwamba ngazi yake imeishia hapo. Hatagoma. Atapunguza mwendo, ataficha ujuzi wake asimpe mwingine, na siku atakapopata simu kutoka Bukavu hatauliza hata mshahara ni kiasi gani.

Patroni atasema: yote hayo yanataka fedha, na mimi bidhaa zangu zimekwama njiani wiki ya tatu, barabara imekatika, treni haijulikani. Namwelewa. Lakini swali si kama fedha zitapungua. Hapa kwetu zitapungua. Swali ni nani anajua kwanza, na nani analipwa kwanza. Mwajiri anayewaita watu wake tarehe 20, akawafungulia daftari, akasema mwezi huu tutagawana nusu na nusu nyingine siku fulani, akaanza na mlinzi na mfagizi kabla ya kujilipa yeye mwenyewe, anamwachia mhasibu wake jambo la kupima siku ONG itakapompigia simu. Anayezima simu tarehe 30 na kuonekana tarehe 5 akiwa na pikipiki mpya hana haki ya kulaumu Geneva.