Wanaorudi Bondeni

Kila mara mito ifurikapo na habari zake zikatufikia, neno moja husemwa barazani na sokoni, hata nje ya kanisa wakati sadaka ya msaada inapohesabiwa. Watu husema: "Walijua. Walizama mwaka ule, wakaambiwa wahame, nao wakarudi. Mbona leo watulilie sisi?" Wasemao hivyo si watu wabaya, pengine ndio wale wale waliokwisha kutoa debe la mahindi. Lakini ndani ya neno lao mna swali, nalo yatupasa kulitazama polepole: Je, mtu aliyeijua hatari akakaa karibu nayo, amejipunguzia haki ya kusaidiwa siku hatari hiyo imfikapo?

Hatuwezi kujibu pasipo kujua huko bondeni kuna nini. Na tuutazame mto Rufiji, ambao ni mkubwa kuliko mito yote ya Tanzania. Maji yake hutoka mbali: Kilombero, Luwegu, na Ruaha Mkuu uletao maji ya nyanda za juu za kusini. Maana yake, mvua inyeshayo Mbeya na Iringa huweza kuonekana siku nyingi baadaye katika shamba la mtu wa Rufiji ambaye kwake jua linawaka. Maji hayo huja na tope, na tope hilo ndilo mbolea ya bonde. Mpunga hupandwa mvua zianzapo, ukakua pamoja na maji yanayopanda. Maji yakishuka baada ya masika, watu hupanda mahindi na kunde katika udongo ulio bado na unyevu. Kilimo hicho wenyewe hukiita mlau. Maziwa madogo yaliyo kando ya mto hujazwa tena, na samaki huingia. Basi mwaka ambao mto haukupanda kabisa si mwaka wa raha huko. Ni mwaka wa njaa ya namna nyingine.

Kwa hiyo mtu wa bondeni hasemi, "Mto ni adui yangu." Hupima. Mafuriko ya kiasi ni chakula. Yakija mapema mno, au yakizidi kimo cha mpunga, ni msiba. Naye hawezi kujua mwezi wa Desemba, anapotia mbegu, mwezi wa Aprili utaleta lipi kati ya hayo mawili.

Habari ya kuhamishwa nayo si ngeni. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 Serikali iliwahamisha watu wengi wa Rufiji kutoka bondeni ikawapeleka katika vijiji vya mahali palipoinuka, miaka michache kabla ya vijiji vya Ujamaa kuenea nchi nzima. Nia ilikuwa njema: watu wasife maji, tena wapate shule na zahanati karibu. Lakini udongo wa juu ni mchanga, na shamba lilibaki kule chini. Ikawa mtu alala kijijini na shamba lake li mbali, huku nguruwe na nyani hawangoji mwenye shamba aamke. Basi watu wakashuka tena wakajenga madungu, vibanda vile vya juu ya miti, wakakaa humo wiki nyingi wakiamia mpunga. Aliyewaona kwa mbali alisema, "Wamerudi, hawasikii." Wao walikuwa wamefuata chakula cha watoto wao.

Mambo kama hayo yalionekana mjini pia. Mvua kubwa za Desemba 2011 ziliujaza mto Msimbazi katika Dar es Salaam, watu wapatao 40 wakafa, na walionusurika katika mabonde wakapewa viwanja Mabwepande. Mabwepande ni salama na maji, lakini ni mwendo wa kilomita zipatazo 30 kutoka katikati ya mji. Mwanamke auzaye vitafunio Kariakoo asubuhi, atalipaje nauli ya kwenda na kurudi kila siku? Wako waliorudi. Twaweza kuwaita wakaidi, lakini na tufanye kwanza hesabu ya nauli.

Hapa twaona kosa la kwanza la wale wasemao, "Walijua." Hufikiri kwamba kujua na kuchagua ni jambo moja. Mtu achaguaye kati ya mlo na hatari iliyo mbali, huku hana njia ya tatu, amejua kweli; lakini hakuchagua kwa uhuru kama sisi tuchaguavyo kiti cha kukalia. Tena watoto wake hawakuchagua lolote.

La pili ni zito zaidi, nalo latugusa sisi wenyewe. Wali tulao katika karamu za Krismasi na arusi, sehemu kubwa hutoka katika mabonde kama Kilombero na Rufiji. Na umeme je? Katika mto huo huo wa Rufiji limejengwa bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022, lenye kuweza kutoa megawati 2,115. Mitambo yake ya kwanza ilianza kazi mapema mwaka 2024. Na masika ya mwaka huo huo bonde la chini, Rufiji na Kibiti, likafunikwa na maji. Wakazi wengine walililaumu bwawa lililofunguliwa. Serikali ikajibu kwamba pasipo bwawa maji yangalizidi. Hatuwezi sisi kuamua shauri hilo katika ukurasa huu. Lakini neno moja ni wazi: mtu wa Mwanza au Arusha awashaye taa yake ameunganishwa na mto ule, apende asipende. Faida ya mto imegawanywa nchi nzima, lakini maji ya kiunoni yamebaki kwa wachache. Je, yule alaye mpunga wa bondeni na kutumia nguvu za mto aweza kusema hatari ya bonde ni shauri la wenye bonde? Twaona haiwezekani.

Na sisi wa milimani tusijivune. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka mlima Hanang vikafunika nyumba za Katesh na vijiji vya karibu, watu zaidi ya 80 wakafa. Hatukusikia mtu akiuliza kwa nini wamejenga chini ya mlima. Tulilia nao tu, na ndivyo ilivyofaa. Basi kwa nini machozi yetu yawe mepesi kwa watu wa mlima, na kwa watu wa mto yaje na maswali? Tunawasikia hata wengine wakilitaja fumbo la nyumba iliyojengwa juu ya mchanga, kana kwamba Bwana alikuwa akifundisha habari za viwanja. Na wasome tena habari za wale 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, waone kama aliruhusu walio hai wawapime wafu.

Hata hivyo hatutaki kusema kwamba aishiye bondeni hana wajibu wowote. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza tangu Agosti 2023 kwamba mvua za El Niño zinakuja. Mtu aliyesikia onyo, akawa na ndugu huko juu wa kumpokea, akaacha watoto walale ukingoni kwa sababu ya uvivu au kwa kuogopa kuibiwa mabati, huyo ana neno la kujibu. Mwenye mtumbwi aendaye usiku kumtoa juu ya paa naye ana mke na watoto. Twasema tu kwamba kosa hilo laulizwa baadaye, akiisha kukauka nguo, tena na mtu anayemjua. Haliulizwi mbele ya gunia la unga.

Maana hii ndiyo njia tuichukiayo: kumwambia mwenye njaa, "Utapata unga ukiahidi kuhama." Ataahidi. Nani hataahidi? Na ahadi iliyotolewa kwa njaa huvunjwa kwa njaa. Aprili 2024 Waziri Mkuu alilieleza Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamekufa kwa mvua zile nchini, na watu wapatao 200,000 kupatwa na madhara. Watu wengi namna hiyo hawahamishwi kwa kuwabana. Atakaye wahame na aanze na yale ambayo mwaka 1968 hayakutosha: shamba lililo karibu, njia, maji ya kunywa, na haki ya kushuka kulima bila kuitwa mhalifu. Kulima bondeni si kulala bondeni, na wengi wao wangependa kutenganisha mambo hayo mawili kama wangaliwezeshwa.

Ndugu walimu wa vijiji hufikiwa na swali dogo lililo gumu kuliko yote: wawape mbegu watu wasemao wazi kwamba watapanda pale pale palipozama? Sisi twajibu: wapeni, tena upesi. Maji yakiisha kushuka, tope la mlau halingoji mkutano wa kamati, na mbegu ifikayo huko udongo umekwisha kupasuka haina kazi ila kuliwa.