Kasri la Jipsamu

Mimi ni fundi wa dari za jipsamu hapa Morogoro, na najua jinsi sifa inavyomlevya fundi. Kisa hiki nakisimulia kwa sababu niliua ukoo mzima kwa ufundi wangu mwenyewe, huku watu wakinipongeza.

Masika yalikuwa ndiyo yameanza. Mpwa wangu, kijana wa kidato cha kwanza, alimwokota malkia wa chungu chini ya taa ya barazani. Ukuta ulikuwa umejaa kumbikumbi usiku ule, lakini huyu alikuwa mwingine kabisa: mweusi, kiuno chembamba kama uzi, kifua kipana, na mabawa yake alikwisha kuyapukutisha. Mwalimu wao wa sayansi alikuwa amewaeleza maana ya mabawa hayo kudondoka. Malkia huruka mara moja tu katika maisha yake, hupata dume, kisha hushuka, huyang'oa mabawa, huchimba shimo na kujifungia humo. Hali chochote. Misuli iliyokuwa ikiyapiga mabawa haina kazi tena, hivyo mwili wake huiyeyusha pamoja na mafuta aliyoyaweka, na kwa akiba hiyo huwalisha watoto wake wa kwanza.

Kijana alimtia kwenye kichupa kirefu cha kioo. Chini aliweka maji, akayazuia kwa pamba iliyoshindiliwa, akamwingiza malkia, kisha akaziba mdomo kwa pamba nyingine. Akakifunga kichupa kwa kitambaa cheusi na kukiweka kabatini. Gharama yake ilikuwa pamba tu.

Kila Jumapili alikifunua kwa dakika moja. Kwanza yakaonekana mayai, mfano wa punje za chumvi. Kisha mabuu meupe, kisha vifuko vya rangi ya majani makavu. Wiki ya nane wakatoka wafanyakazi watano, wadogo kuliko chungu wa kawaida wa aina yao, kwa kuwa walilelewa kwa akiba ya mama peke yake. Kijana alinikimbilia kama aliyefaulu mtihani.

"Mjomba, wamezaliwa! Tuwajengee nyumba."

Hapo ndipo nilipoingia mimi.

Nilikuwa na unga wa jipsamu uliobaki kazini, na mabaki ya kioo cha dirisha. Nilikwisha kusikia kwamba watu hujenga viota vya chungu kwa vitu hivyohivyo, tena kwa bei ndogo sana. Nikasema kama ni jipsamu, nani atanifundisha? Nikamimina bamba kubwa kama sinia la pilau. Nikachonga vyumba kumi na vinne, korido, hata ukumbi wenye mikanda ya maua pembeni kama dari za nyumba za harusi. Nikabandika kioo kwa silikoni. Majirani walikuja kutazama kabla hata mwenye nyumba hajahamia. "Fundi, hilo ni kasri!" Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi maji niliyatia kwelikweli.

Maji ndiyo yaliyokuwa kosa la kwanza, na hilo silisamehe kwa sababu nalijua kikazi. Kilo moja ya unga wa jipsamu huhitaji takriban gramu 190 za maji ili igande. Lakini ili umiminike vizuri kwenye kalibu, sisi hutia gramu 600 au zaidi. Maji yaliyozidi hayaendi popote siku hiyo. Hubaki ndani ya bamba, na hutoka polepole kwa siku nyingi, hata kama uso wake umekuwa mkavu na mweupe. Darini hilo halina neno, upepo utalikausha. Mimi nilisubiri siku mbili, nikaliziba bamba kwa kioo. Silikoni nayo ilikuwa bado inanuka siki.

Kosa la pili ni haraka. Chungu hawakutaka kutoka kwenye kichupa. Nilikigongagonga, nikakitikisa, mpaka malkia akaanguka ndani ya ukumbi wangu, mabuu yakatawanyika nyuma yake.

Kosa la tatu ni ukubwa. Wafanyakazi watano, vyumba kumi na vinne! Waliyakusanya mabuu pembeni, wote wakajibana kwenye kona moja isiyozidi kucha ya kidole gumba. Kijana aliwawekea kipande cha kumbikumbi na tone la maji ya sukari kwenye chumba cha mbali, na hakuna aliyekwenda kuyaondoa mabaki. Katika ukoo mkubwa wapo wa kulisha, wapo wa kusafisha, wapo wa kubeba taka na maiti. Watano hawawezi. Siku ya nne kumbikumbi yule aliota ukungu, na ndani ya kasri lililojaa unyevu, ukungu ulitambaa chumba hadi chumba.

Kosa la nne ndilo lililozaa yote: niliweka kasri sebuleni, chini ya taa, ili wageni waone. Kioo kilitoka jasho. Kila aliyekuja aligonga kwa kidole. Siku ya sita malkia aliyala mayai yake. Hufanya hivyo anapokuwa katika dhiki. Hurudisha mwilini kile anachoona hakitasalimika.

Siku ya tisa kijana aliinama kwa muda mrefu.

"Mjomba, mbona hatembei?"

Sikuwa na jibu. Nililing'oa bamba, nikakuta hata upande wa chini bado ni baridi na laini kama udongo wa mtoni.

Baada ya hapo nilianza kuuliza na kusoma, jambo ambalo lingepaswa kutangulia. Nikajua kwamba ufundi huu ni wa zamani. Huko Uingereza, katika karne ya 19, John Lubbock alifuga chungu kati ya vioo viwili vyenye udongo kidogo katikati, akivifunika ili wakae gizani. Malkia wake mmoja aliishi naye zaidi ya miaka 13. Mfaransa Charles Janet alikuja na viota vya plasta, jamaa ya jipsamu yangu, vyenye vyumba vichache na upande mmoja tu wa kutilia maji. Kwa hiyo kulikuwa na chumba cha majimaji, cha kati, na kikavu, na chungu walichagua wenyewe pa kuweka mayai na pa kuweka vifuko. Wote wawili walianza kwa kumwuliza chungu anataka nini. Mimi nilianza kwa kuuliza wageni watasema nini.

Masika yaliyofuata kijana alimpata malkia mwingine. Safari hii alikuwa fundi yeye, mimi kibarua. Kichupa kilibaki kichupa mpaka wafanyakazi walipopita ishirini. Kikawekwa ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko uliotobolewa kwa sindano, kingo za ndani zimepakwa mafuta ya kupikia ili wasipande. Humo walipewa chakula kidogo kama kichwa cha kiberiti, na mabaki yaliondolewa kesho yake.

Kiota chenyewe kilitosha kwenye kiganja. Tulifinyanga vijidonge vitatu vya udongo, tukavibandika chini ya kopo la siagi, tukamimina jipsamu juu yake. Ilipoganda tukachomoa udongo na vyumba vikabaki. Tukakianika wiki mbili. Kioo kilishikwa kwa mpira wa kufungia noti, bila gundi wala rangi. Maji ni matone machache upande mmoja. Juu tuliweka plastiki nyekundu, kwa kuwa wekundu chungu hawauoni vizuri, kwao ni kama giza.

Tukakiweka kando ya kichupa na kuwaacha. Siku tano hakuna aliyejali. Ya sita, maji ya kichupani yalipokaribia kwisha, wakahama wenyewe usiku, wakibeba mabuu midomoni, malkia katikati yao.

Lipo jambo jingine nimwambie anayetaka kujaribu. Mwaka 2025 mahakama ya Kenya iliwatoza faini vijana wawili wa Ubelgiji waliokamatwa na malkia wapatao 5,000, wamefungwa kwenye vichupa na mabomba ya sindano kwa pamba, kwa namna ileile ya mpwa wangu. Tofauti ni kusudi na idadi. Kila malkia aliyechukuliwa ni ukoo ambao hautachimba udongo wala kutawanya mbegu pale ulipopaswa kuwa. Kwa hiyo uliza kwanza sheria ya wanyamapori mahali ulipo, chukua mmoja tu, usiuze, usisafirishe. Ukichoka, mrudishe palepale ulipomwokota.

Ukoo wetu upo kabatini. Wageni hupita sebuleni bila kujua.

Kazini nako kumebadilika kitu. Zamani mteja akinionyesha chumba, swali langu la kwanza lilikuwa: unataka ipendeze vipi? Siku hizi naangalia kwanza kama ukuta umekauka. Kisha nauliza: humu watalala wangapi?