Hisani Ndani ya Bei

Watu wengi wenye busara wamefundisha kwamba chakula kilicholipiwa hakina hisani ndani yake. Kwamba mkono uliopokea fedha umekwisha kupata ujira wake wote, na aliyekula hana la kushukuru, kwa kuwa alichopata ni haki yake aliyoinunua. Fikira hii ina asili tukufu. Kisa cha Nabii Ibrahimu, ambacho Waislamu hukisoma katika Kurani na Wakristo katika kitabu cha Mwanzo, kinatuonyesha mzee aliyewaona wageni asiowajua wamemjia, naye asidadisi watokako, bali akafanya haraka kuwaandalia ndama. Na tangu zama hizo ukarimu umepimwa kwa ndama yule, ambaye hakuwa na bei. Je, mgahawa, ambao kila sahani yake ina bei, umefungiwa nje ya ukarimu?

Swali hili si la wanazuoni peke yao. Tangu mwaka 2012, Mkoa wa Simiyu ulipoundwa na Bariadi ikawa makao makuu yake, mji huu umepokea walimu, wauguzi, makarani, madereva na mafundi ambao aghalabu wameacha jamaa zao mbali, wala hawana jiko la kurejea saa saba mchana. Na watu hao, pamoja na wakulima wanaokuja kwa shughuli za siku moja kutoka Itilima, Maswa, Meatu na Busega, hulishwa na akina mama lishe. Mtaa ukishazoea mgahawa wake, huupenda kwa mapenzi ambayo hauyapi maduka, ingawa dukani pia watu hununua na kulipa.

Tumtazame mmoja wa akina mama hao kazini. Moto ameuwasha kabla ya alfajiri, maana supu ya mifupa ya ng'ombe haikubali kuharakishwa, na wanywaji wake hufika jua likichomoza, wakitaka na chapati. Mchana sufuria la supu limekwisha kuondoka mekoni, na mahali pake pana ugali, mlenda, maharage, na sato aliyetoka ziwani kwa njia ya Lamadi. Mteja akiingia, mama huchukua jagi na kummiminia maji ya uvuguvugu mikononi, akisema, "Karibu baba, unawe." Mchuzi ukimwishia mteja kabla ya ugali, husema, "Mama, niongezee mchuzi kidogo," naye huongezewa pasipo kudaiwa hata senti. Bei ilitaja ugali na samaki. Haikutaja maji ya uvuguvugu, wala mchuzi wa pili, wala jina la baba.

Walakini kuna hoja nzito dhidi ya haya, na haifai kuipuuza. Adam Smith, katika kitabu chake cha mwaka 1776 juu ya utajiri wa mataifa, alishikilia kwamba chakula chetu hatukitarajii kwa wema wa wauzaji bali kwa kujali kwao faida yao. Na Aristotle, zaidi ya miaka elfu mbili kabla yake, aliuweka urafiki wa manufaa chini ya urafiki wa wema, kwa kuwa ule wa kwanza hufa manufaa yanapokoma. Mwenye kuwafuata hawa atasema kwamba mchuzi wa pili ni njia ya kumrudisha mteja kesho, na neno "baba" ni sehemu ya biashara.

Basi hoja hiyo na ipimwe kwa mtu ambaye hatarudi. Basi litokalo Mwanza likipita Magu na Lamadi humshusha msafiri Bariadi, naye hana zaidi ya robo saa ya kula, hajui bei za mji, hana wa kumlalamikia, na akishaondoka hataonekana tena. Mtu huyu aweza kupunjwa bila hasara yoyote kwa anayempunja. Mama lishe anayemjazia sahani sawasawa na ya jirani yake, akampa kipande cha samaki kisicho mkia mtupu, akamrudishia chenji yake kamili, faida gani amejitafutia? Hakuna. Alichofanya ni uadilifu usio na shahidi, nao uadilifu wa namna hiyo, unaotolewa kwa mgeni asiye na nguvu ya kuudai, ni hisani kamili. Kurani ina sura nzima iliyopewa jina la wapunjao vipimo, Al-Mutaffifin, na kitabu cha Mithali hulaani mizani ya hila. Dini zote mbili zilijua kwamba mahali pa kumcha Mungu ni sokoni pia.

Tena bei yenyewe, ambayo tumezoea kuiona adui wa ukarimu, ina heshima ndani yake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na Mwalimu Nyerere aliutumia msemo huo mwaka 1962 katika kuueleza Ujamaa, akitukumbusha kwamba katika jamii ya asili kila mtu alikuwa mfanyakazi. Maana yake ni kwamba hisani isiyo na mwisho humlemea anayetoa na humdhili anayepokea. Mwalimu kijana aliyepangiwa kazi Bariadi hawezi kula kila siku kwa jirani yake pasipo kuinamisha macho. Lakini mgahawani huingia mwaka mzima kichwa kikiwa juu, kwa sababu jembe lake la siku ya tatu amekuja nalo mfukoni.

Tena kuna miezi ambayo mfuko huo ni mtupu. Simiyu ni nchi ya pamba, na kabla ununuzi haujafunguliwa, aghalabu mwezi Mei, fedha huadimika kwa mkulima na kwa kila anayemtegemea. Ndipo daftari la madeni hufunguliwa. "Pamba ikinunuliwa nitakulipa, mama," mtu husema kwa haya, naye hujibiwa, "Haya baba, kula kwanza." Sura ya Al-Baqara huagiza mdaiwa mwenye dhiki apewe muhula mpaka apate wasaa, na mwanamke huyu, ambaye mkaa wake lazima aununue leo kwa fedha taslimu, huitimiza amri hiyo kwa gharama yake mwenyewe.

Hisani hii iliyo ndani ya bei si ya Simiyu peke yake. Wavietnamu nao huchemsha mifupa ya ng'ombe kwa saa nyingi na kuiuza supu yake, iitwayo pho, ikiwa na tambi za mchele, tangu asubuhi. Baada ya Saigon kuanguka mwaka 1975, maelfu kwa maelfu walikimbilia Marekani, Ufaransa na Australia, na baadhi yao wakafungua migahawa katika mitaa ambayo lugha yake hawakuijua. Huko mambo yaligeuka: mgeni ndiye aliyemlisha mwenyeji, na mwenyeji, aliyeingia kwa ajili ya bakuli tu, akajikuta na jirani. Bei ilikuwa mlango ambao wote wawili waliweza kuupita bila kuombana ruhusa.

Ikiwa ni hivyo, mlaji naye ana wajibu ambao noti zake haziumalizi. Asishindanie bei na mtu aliyeamka usiku kwa ajili yake. Asikope ilhali anazo. Alipe daftari pamba inapouzwa, kabla ya starehe nyingine. Zaidi ya hayo, kila anayenyanyuka mezani hapo hurudi kwenye mizani yake mwenyewe: karani kwenye foleni ya watu, muuguzi kwa mgonjwa, mnunuzi wa pamba kwa mkulima asiyejua kusoma kipimo. Deni la chakula hulipwa kwa fedha, lakini deni la hisani hulipwa kwa kumtendea insafu mtu asiyeweza kuidai.