Jani chungu na siri ya mzee

Kwetu Kasongo na Kabambare, mwenye dawa haonyeshi mti wake. Anaingia porini mapema, anarudi na majani yamefungwa ndani ya kitambaa, na ukimwuliza jina la mti atakwambia: wewe kunywa tu. Siri inapita kwa mtoto mmoja aliyechaguliwa. Siye hatuwacheki wazee kwa hilo: mti ukijulikana na kila mtu, unachunwa ganda mpaka unakauka.

Lakini sasa kuna ugonjwa wa sukari. Sukari ikizidi damuni miaka mingi inaharibu mishipa midogo ya macho, ya figo, na ya ubongo vilevile. Ndiyo maana mwenye diabeti ana hatari zaidi ya kusahau uzeeni. Anauliza neno moja mara tatu, anapotea njia ya shamba lake. Hapo wengine wanaanza kunong'ona habari ya uchawi (aibu kubwa hiyo!), na mgonjwa anakuwa mshtakiwa.

Je, mufumu mwenyewe akipata sukari, akili ikaanza kuvuja, ile siri ni ya nani?

Tena majani si mchezo. Ule mmea unaotambaa, wenye matunda ya vinundu yanayopasuka na kuonyesha mbegu nyekundu, unaweza kushusha sukari. Mtu akiunywa juu ya vidonge bila kumwambia munganga wa hospitali, sukari inaweza kuanguka mno, na hilo linaumiza ubongo uleule tunaotaka kuuokoa.

Hata metformini ya hospitali ina asili ya mmea wa Ulaya, galega. Daktari Jean Sterne wa Paris aliwajaribia wagonjwa dawa hiyo, akaandika matokeo mwaka 1957. Kipimo kiliandikwa, na baadaye mabaya yake pia: ikimezwa miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12, na upungufu huo nao unaweza kusahaulisha. Kuhusu mimea ya kurudisha kumbukumbu, majaribio mengi ni ya panya tu. Anayeuza chupa sokoni kwa ahadi hiyo anadanganya.

Hatusemi mzee atangaze mti wake. Tunasema amwite mtoto wake mapema, akiwa bado anakumbuka, amwonyeshe mti na kiasi, amwambie pia wagonjwa ambao dawa iliwashinda. Hao ndio wanaofichwa kuliko mti.