Kufuta na Kuficha

Wino wa kalamu ukivuja kwenye kiti cha ngozi cha gari, saa za mwanzo ndizo za kuokoa. Ngozi nyingi za magari ya leo si ngozi tupu. Zimepakwa rangi, na juu ya rangi zikawekewa utando mwembamba wa kuzikinga. Wino huanza kwa kukaa juu ya utando huo, na ukiwahiwa kwa kitambaa laini na sabuni ya ngozi, ukaguswaguswa badala ya kusuguliwa, kutoka ukingoni kuelekea katikati, huenda ukatoka wote. Ukiachwa wiki kadhaa kwenye joto, hupenya. Hapo watu hukimbilia spiriti. Spiriti huyeyusha wino kweli, lakini haijui wino unaishia wapi na utando unaanzia wapi. Ikizidi, doa huondoka pamoja na kinga ya ngozi, na palipokuwa na mchirizi wa buluu pakabaki kiraka kilichofifia. Asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, huharibu haraka zaidi. Kinachofuata ni fundi wa viti: anapaka rangi inayofanana, anang'arisha, na jicho la kawaida halioni kitu.

Kufuta, kuchubua, kupaka. Kazi hizi tatu zinaweza kufanywa na mkono mmoja katika asubuhi moja, na gari likiwa ni la kutumia mwenyewe hakuna la kujadili. Mjadala unaanza gari linapoandaliwa kwa ajili ya mnunuzi.

Magari mengi ya watu binafsi katika Afrika Mashariki yameingia yakiwa yametumika, mengi yakitoka Japani kupitia Mombasa na Dar es Salaam. Baada ya hapo hubadilisha mikono tena na tena. Anayenunua mara nyingi ana mkopo wa sacco au akiba ya miaka, na injini haijui. Anachoweza kusoma ni kile anachokiona: mita ya kilomita na viti. Mita inaweza kurudishwa nyuma. Kiti ni shahidi mgumu kidogo kumnunua. Ukingo wa kiti cha dereva upande wa mlangoni, ambapo paja hupita kila anapoingia na kutoka, huchakaa kulingana na idadi ya safari. Michirizi ya kalamu hapo inaweza kueleza habari ya dereva aliyekuwa akiandika siku nzima: teksi, au gari la kusambaza bidhaa. Kwa hiyo doa lile ni uchafu, na pia ni habari. Je, anayelifuta anasafisha au anaharibu ushahidi?

Swali hili lina umri mkubwa kuliko magari. Cicero, katika kitabu cha tatu cha De Officiis, alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, anasimulia ubishi wa wanafalsafa wawili wa Kistoa kuhusu mtu anayeuza nyumba yenye kasoro anazozijua yeye peke yake. Diogenes wa Babeli aliona kwamba muuzaji akitaja yale ambayo sheria inamtaka ayataje, na asidanganye, ametimiza wajibu wake. Kunyamaza ni jambo jingine na kuficha ni jambo jingine. Antipater wa Tarso alimpinga: mnunuzi ana haki ya kujua yote anayoyajua muuzaji. Cicero anasimama na Antipater.

Waislamu wanayo simulizi fupi zaidi, iliyopokewa na Muslim. Mtume alipita sokoni penye rundo la chakula, akatia mkono ndani, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye mali akaeleza kwamba ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakuiweka juu sehemu iliyolowa ili watu waione. Katika onyo lililofuata limo neno la Kiarabu ambalo kwetu limezaa "kughushi". Mtu yule hakutamka uongo wowote. Alipanga tu rundo lake.

Lakini kama angelianika chakula chake kikakauka, nani angemlaumu? Kuanika kunabadili chakula chenyewe. Kugeuza rundo kunabadili tu kile anachokijua mnunuzi. Naona mpaka uko hapo. Wino uliotoka kabisa haupo tena. Kiti kimekuwa kizima kweli. Ngozi iliyochubuliwa kisha ikapakwa rangi bado ina jeraha, na ikipakwa ovyo itaanza kubanduka gari likiwa mikononi mwa mwingine.

Hata hivyo mpaka huo hautoshi, kwa sababu kiti kilichosafishwa kwa halali kinaweza kuungana na mita iliyorudishwa nyuma vikatoa ushahidi mmoja wa uongo. Kosa hapo haliko kwenye kitambaa. Liko kwenye hadithi ambayo kiti kinaitwa kuithibitisha. Kipimo ninachokiamini ni chepesi: ungeifanya kazi hii mnunuzi akiwa amesimama kando yako? Ukifuta, pengine angekushukuru. Ukipaka, angeanza kuuliza maswali.

Na kijana anayeosha magari, anayelipwa kwa kila gari, akiambiwa "toa hilo doa"? Lawama hufuata ujuzi na uwezo wa kukataa. Hajui historia ya gari, na akikataa kuna wenzake wanaongoja nafasi. Sehemu yake ni ndogo. Inakua kidogo siku anapoambiwa "paka hapa pasionekane", lakini haifikii ya aliyetoa amri na atakayepokea hela.

Anabaki mnunuzi, ambaye tumezoea kumwona kama mhanga tu. Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof aliandika kuhusu soko la magari yaliyotumika: wanunuzi wasipoweza kutofautisha zuri na bovu, hutoa bei ya kati kwa yote, na wenye magari mazuri hujiondoa sokoni. Tunasema kizuri chajiuza. Katika soko la namna hiyo hakijiuzi. Anayesema "kiti hiki kina doa, na gari lilikuwa teksi" hukatwa bei papo hapo, huku gari la jirani, linalong'aa na lisilosema lolote, likiondoka kwa bei kamili. Kila tunapolipia mng'ao tunamfundisha muuzaji nini cha kufanya na kasoro inayofuata.

Kwa hiyo muuzaji afute kinachofutika, na kisichofutika akitaje. Nasi tukiambiwa ukweli kuhusu kiti, tupunguze bei kwa thamani ya doa, si zaidi. Tusiutumie ukweli huo kumkaba aliyeusema.