Mbacha na Msala

Wahenga walituusia: usiache mbachao kwa msala upitao. Usia huu hutajwa kila mara mji unapokusudia kuliacha jengo lake kuukuu la mikusanyiko na kujenga la kisasa, lifaalo kwa michezo, ngoma, mikutano na sherehe. Je, methali hii yatosha kutuamulia? Jengo la kale lina haki gani juu yetu?

Tutazame mfano wa Dar es Salaam. Huko Temeke upo Uwanja wa Uhuru, ambao zamani uliitwa Uwanja wa Taifa. Humo, usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba, 1961, bendera ya Uingereza ilishushwa na ya Tanganyika ikapandishwa. Humo vijana wa shule walicheza halaiki katika sikukuu za taifa. Humo, mwezi Oktoba 1999, wananchi walimuaga Mwalimu Nyerere. Mwaka 2007 ulifunguliwa uwanja mpya jirani yake, wenye nafasi ya watu wapatao 60,000, ambao leo waitwa Uwanja wa Benjamin Mkapa. Ule wa zamani haukubomolewa.

Wanaotetea majengo ya kale wana hoja nzito. Mtoto aonyeshwaje uhuru, kitu kisichoshikika, kama si kwa kupelekwa mahali na kuambiwa, "Hapa ndipo wazee wako waliposimama"? Taifa linalofuta kila alama ya jana huwaachia watoto wake maneno matupu.

Lakini hoja hiyo ina mpaka. Tarehe 21 Machi, 2021, umati mkubwa ulifurika katika Uwanja wa Uhuru kumuaga Rais John Magufuli. Palitokea msongamano, na watu 45 wakapoteza maisha. Walikuja kwa mapenzi, wakarudishwa makwao wakiwa maiti. Sisemi kwamba uzee wa jengo ndio uliowaua. Msongamano waweza kuua hata mahali papya. Nasema tu kwamba siku ile ilitukumbusha kuwa heshima ya ukuta haiwezi kuizidi heshima ya mtu. Milango iliyowatosha watu wa jana si lazima iwatoshe wa leo, na anayewaita wananchi wakusanyike ana dhamana ya uhai wao.

Hata hivyo, upya nao si fadhila peke yake. Uwanja waweza kuwa na viti maelfu na taa za kupendeza, lakini ikiwa kodi yake yawashinda wacheza ngoma wa mtaani, na kiingilio chake chamshinda mwanafunzi, basi huo ni mpana wa umbo na mwembamba wa moyo. Wananchi watakuwa wamejengewa nyumba ambamo wao ni wapita njia.

Sasa turudi kwenye methali. Mbacha ni mkeka uliochakaa. Thamani yake ni kwamba una mwenyewe, naye huukalia. Wahenga hawakukataza msala mpya. Walikataza kukiacha kilicho chetu kwa ajili ya kile kinachopita.

Basi enyi wanafunzi, siku mtakapokaa katika mabaraza ya miji yenu na kuletewa ramani za kupendeza, ulizeni kwanza: watu wataingia na kutoka salama? Mnyonge atapata nafasi? Na yaliyotendeka pale pa zamani, nani atawasimulia watoto?

Mji ukiweza kuyajibu hayo, na ujenge bila hofu.